Balbu za LED: ipi inadumu kweli, na ifungwe wapi

Ukienda Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya umeme ukaomba balbu ya LED ya wati 9, utawekewa kaunta tatu zinazofanana kama mapacha. Zote za plastiki nyeupe, zote boksi limeandikwa saa 15,000 au 25,000, na bado moja bei yake ni mara tatu ya nyingine. Ukiuliza tofauti, muuzaji atakujibu, "Hii orijino, dada, lakini na hiyo nayo inakaa tu." Anaweza kuwa sahihi kwa zote mbili. Balbu ya bei ya chini inaweza kukaa miaka mingi chooni, na hiyohiyo ukiifunga getini ikafa kabla ya mwaka kuisha. Ndiyo maana hapa sitafuti balbu moja iliyo bora kuliko zote. Naangalia kinachoziua, nalinganisha aina zilizopo sokoni, kisha kila moja naipeleka mahali inapoweza kuishi.

Saa 25,000 ni za chipu, si za balbu

Tuanze na namba ya boksi, maana ndiyo inayowapotosha watu wengi. Saa 25,000 mfululizo ni karibu miaka mitatu bila kuzima. Hakuna kiwanda kinachowasha balbu miaka mitatu ndipo kichapishe boksi. Modeli yenyewe ingekuwa imeshatoka sokoni. Kinachopimwa ni chipu za LED peke yake, vile vipande vidogo vinavyotoa mwanga. Kipimo kinachotumika sana, LM-80, huziwasha chipu kwa saa 6,000 au zaidi, yaani miezi minane na kitu, huku mwanga wake ukirekodiwa unavyopungua. Kisha kwa hesabu inayoitwa TM-21 wanakadiria mbele, na wanaruhusiwa kufika hadi mara sita ya muda waliopima. Chipu nzuri haifi ghafla, inafifia polepole. Kwa hiyo maisha yake huhesabiwa hadi mwanga ubaki asilimia 70 ya ule wa siku ya kwanza, kiwango kinachoandikwa L70.

Sasa niambie, ni nani mtaani kwako amewahi kutupa balbu ya LED kwa sababu mwanga umebaki asilimia 70? Tunazitupa kwa sababu zimezima kabisa, au zinawaka na kuzima zenyewe mpaka zinaumiza macho. Kilichokufa hapo ni draiva, ile saketi ndogo iliyo shingoni inayoupunguza umeme wa ukutani na kuunyoosha uwe wa kuilisha LED. Au ni LED moja kati ya kumi na kitu zilizopangwa kwa foleni, mkondo ukipita kutoka moja kwenda nyingine. Ikikatika moja, zote zinazima. Ukifungua kofia ya plastiki utaiona iliyokufa: ina kidoti cheusi katikati.

Umoja wa Ulaya una mtihani unaogusa balbu nzima. Chini ya kanuni za mwaka 2019, zilizoanza kutumika Septemba 2021, balbu huwashwa dakika 150 na kuzimwa dakika 30, mara 1,200. Hizo ni saa 3,000 za kuwaka, na angalau balbu tisa kati ya kumi zinatakiwa ziwe bado hai. Ona pengo lilivyo kubwa: boksi linasema 15,000, mtihani wa balbu nzima unaishia 3,000. Mimi naamini zaidi dhamana. Kampuni inayoandika miaka miwili na duka linalokubali kubadilisha kwa risiti wameweka fedha zao kwenye ahadi hiyo. Namba ya saa haimgharimu mtu chochote.

Hata hivyo namba hiyo ina kazi moja: inakuonyesha ukomo. Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama kama saa kumi na mbili jioni na kuchomoza kama saa kumi na mbili asubuhi, mwaka mzima bila tofauti kubwa. Taa ya nje inayoachwa usiku kucha inakula saa 12 kila siku, ambazo kwa mwaka ni 4,380. Ya sebuleni ikiwaka saa 5 kwa siku inakula 1,825. Mambo yote yakienda sawa, hesabu inakuwa hivi:

| Maisha yaliyoandikwa | Sebuleni, saa 5 kwa siku | Getini, saa 12 kwa usiku |
|---|---|---|
| Balbu ya zamani ya waya, saa 1,000 | miezi sita na nusu | siku 83 |
| Enaji seva, saa 8,000 | miaka 4.4 | miaka 1.8 |
| LED, saa 15,000 | miaka 8.2 | miaka 3.4 |
| LED, saa 25,000 | miaka 13.7 | miaka 5.7 |

Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba balbu ya getini imekufa baada ya miaka mitatu, wakati ya chumbani ipo tangu ahamie, pengine hana sababu ya kulalamika. Ya getini imefanya kazi yake yote. Wa kulalamika ni yule ambaye ya sebuleni imemfia mwaka wa kwanza, na yeye anahitaji kujua mambo mawili: joto na umeme.

Joto ndilo linaloua kwanza

Watu husema LED haina joto. Ni kweli kwamba ukisogeza mkono mbele ya mwanga wake husikii kitu, tofauti na balbu ya zamani iliyotupa joto lake nje pamoja na mwanga. Lakini zaidi ya nusu ya umeme unaoingia kwenye LED bado hugeuka joto, na joto hilo halina njia ya kutoka na mwanga. Linabaki kwenye kisahani cha alumini kilichobeba chipu, linashuka shingoni, na shingoni ndiko draiva ilikokaa.

Ndani ya draiva nyingi kuna kepasita yenye majimaji, kile kidude cha mviringo chenye kofia ya bati. Majimaji yake hukauka kwa joto. Mafundi wa elektroniki wana kanuni wanayoitumia siku zote: kila joto likishuka nyuzi 10, maisha ya kepasita hii hujirudia maradufu, na likipanda nyuzi 10 hukatika nusu. Chukua kepasita ya bei ya chini iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105. Ikifanya kazi kwenye nyuzi 85 itakupa kama saa 8,000, na kwenye nyuzi 75 saa 16,000. Kepasita bora ya saa 5,000, kwenye nyuzi zilezile 85, itakupa 20,000, na kwenye 75 itafika 40,000. Kwenye hesabu hii utaona mambo mawili kwa mkupuo: kwa nini balbu mbili zinazofanana kwa nje zinapishana bei, na kwa nini ileile moja inaishi maradufu ukiitoa kwenye globu iliyofungwa.

Globu iliyofungwa ndiyo adui mkubwa wa balbu za LED majumbani. Yale makopo ya kioo ya kubandikwa darini, na zile taa za ukutani za nje zilizozibwa mpira ili mvua isiingie, zilitengenezwa zama za balbu ya waya ambayo haikujali joto. Ukiweka LED humo, hewa ileile inazunguka na kupashwa moto upya. Baadhi ya maboksi yameandika kabisa, kwa herufi ndogo, kwamba isifungwe ndani ya globu. Kama globu lazima ibaki, weka balbu ya wati ndogo, 5 au 7, iliyo na nafasi pande zote.

Wati kubwa kwenye mwili mdogo nayo ni tatizo lilelile. Balbu ya wati 15 yenye umbo na ukubwa uleule wa ile ya wati 9 ina joto zaidi na sehemu ileile ya kulitolea. Kwa sebule kubwa nawashauri watu waweke balbu mbili za wati 7 badala ya moja ya 15. Kwanza mwanga unasambaa vizuri, pili moja ikifa hutabaki gizani.

Umeme wenyewe

Kwa kiwango, nyumba ya Tanzania hupewa volti 230 na ya Kenya volti 240. Kwa hali halisi, aliye mwisho wa laini kijijini anapata umeme mdogo jioni watu wote wakiwasha, na usiku wa manane unapanda. Soma boksi. Lililoandikwa 220–240V lina draiva isiyopenda kuyumba. Lililoandikwa 100–240V au 85–265V lina draiva inayojirekebisha, na mwanga wake haubadiliki hata umeme ukishuka sana. Kwa anayeishi penye umeme wa kuyumba, maandishi haya yana thamani kuliko saa zote zilizochapwa upande wa pili.

Balbu zikifa nyingi ndani ya mwezi mmoja, acha kulaumu balbu na mwite fundi akague nyutro, ule waya wa kurudisha umeme. Nyutro ikiachia nguzoni au kwenye mita, nyumba inaweza kupokea volti zinazokaribia 400, na hakuna balbu ya bei yoyote inayovumilia hilo. Friji na televisheni zinafuata. Dalili yake ni taa za chumba kimoja kung'aa kupita kiasi huku za kingine zikififia kila kitu kizito kinapowashwa. Hili ni la kushughulikia siku hiyohiyo.

Holda iliyochoka ni sababu ya pili. Zile za pini zina springi ndani. Springi ikilegea, pini inagusa na kuachia, cheche ndogo zinaruka, na draiva inapokea umeme unaokatika mara nyingi kwa sekunde. Kwa wanaoishi Mombasa, Unguja au mahali popote upepo wa chumvi unapofika, pini na holda za nje huota kutu ya kijani mapema. Holda mpya ni bei rahisi kuliko balbu. Ibadilishe kwanza.

Na kama balbu yako inabaki na mwanga hafifu usiku baada ya kuzima, mara nyingi swichi imefungwa kwenye nyutro badala ya waya wa moto, au ni swichi ile yenye taa ndogo ndani. La kwanza ni hatari kwa anayebadilisha balbu, kwa sababu umezima lakini holda bado ina moto. Fundi alirekebishe.

Aina zilizopo kaunta

*Balbu ya bei ya chini.* Nyingi ya hizi hazina draiva ya maana. Aisii ndogo, yaani saketi iliyofungwa ndani ya kidude kimoja, imechomewa kwenye sahani moja na LED, hupunguza umeme kwa kuugeuza ziada kuwa joto, na joto hilo linakwenda palepale kwenye LED. Umeme ukizidi, aisii inapata moto zaidi. Ukiielekezea kamera ya simu, mara nyingi utaona milia ya giza ikipita kwenye picha, yaani mwanga unapepesa mara nyingi kwa sekunde hata kama jicho halioni. Sipendi mtoto asomee chini ya mwanga huo kila siku. Ila zina jambo moja zuri: zile zenye saketi ndogo zaidi hazina ile kepasita ya majimaji ya kukauka. Kama chipu hazikushindiliwa mkondo mwingi, na inawaka nusu saa kwa siku, itakaa.

Kuna mchezo sokoni wa balbu iliyoandikwa wati 15 inayokula 7 au 8 tu. Mnunuzi amepunjwa mwanga, hilo halina ubishi. Lakini balbu ya namna hiyo mara nyingi inadumu, kwa sababu chipu zake zinafanya kazi kwa ulaini. Ukiipenda kwa kudumu kwake, ilipie bei ya wati 7, siyo ya 15.

*Balbu ya plastiki ya kampuni inayojulikana.* Kwa macho ni ileile, ila ndani kuna alumini chini ya plastiki na draiva kamili. Shika mbili mkononi, moja kila upande, utahisi uzito. Izime: nyingi za namna hii hufifia kwa muda mfupi kabla ya kuzima kabisa, kwa kuwa kepasita bado ina chaji. Boksi lake linataja lumeni, yaani kipimo cha mwanga, siyo wati peke yake. Ya wati 9 inatakiwa kutoa kama lumeni 800, sawa na balbu ya zamani ya wati 60. Ina alama ya ubora, TBS kwa Tanzania Bara, KEBS kwa Kenya. Ina dhamana iliyoandikwa. Tahadhari ni feki: jina maarufu kwenye boksi lenye rangi iliyopauka na herufi zilizokosewa, bei nusu ya duka la jirani. Feki ni balbu ya bei ya chini uliyoilipia zaidi.

Hebu tupige hesabu kwa bei za mfano. Tuseme ya bei ya chini ni shilingi 2,000 na ya kampuni ni 6,000. Getini, ya kwanza ikiishi miezi sita inakugharimu 4,000 kwa mwaka, pamoja na kupanda ngazi mara mbili. Ya pili ikiishi miaka mitatu inakugharimu 2,000 kwa mwaka. Ya ghali ndiyo rahisi. Chooni, penye dakika thelathini kwa siku, ya 2,000 inaweza kuishi miaka mitano bila kufika saa 1,000, na ile ya 6,000 haitakuongezea kitu unachokihitaji. Bei za duka lako ziweke badala ya hizi. Sura ya hesabu haibadiliki.

*Balbu ya kioo yenye nyuzi za LED.* Hii ndiyo inayofanana na balbu ya zamani, kioo angavu na ndani vijiti vya njano. Kila kijiti kimebeba chipu nyingi ndogo, na ndani ya kioo wamejaza gesi inayopeleka joto hadi kwenye kioo, kisha nje. Za wati 4 hadi 7 zinapoa vizuri, na zinatoa mwanga pande zote, wakati za plastiki zinamulika zaidi mbele. Draiva yake ni ndogo mno kwa kuwa inabanwa ndani ya kitako, hivyo za kampuni isiyojulikana zinapepesa. Ikidondoka imekwisha. Nzuri kwa mezani na kwa taa ya kuning'inia, siyo kwa korido ya watoto wanaocheza mpira.

*Taa ndefu.* Kama jikoni au barazani kuna nafasi ya tyubu ya futi nne, hii ndiyo chaguo langu la kwanza, na naona watu wanaidharau bure. Joto la tyubu ya wati 18 limesambazwa kwenye urefu wa sentimita 120 badala ya kusongamana shingoni. Unapobadilisha tyubu ya zamani kwa ya LED, soma mchoro uliokuja nayo: nyingine hupokea umeme upande mmoja tu, nyingine pande zote mbili, na ukikosea utapiga shoti. Choki na stata za zamani nyingi zinatakiwa kutolewa kabisa. Choki ikiachwa inakula umeme wake na inaweza kuisumbua draiva. Ile inayokuja na fremu yake kamili, isiyohitaji mambo haya, ni rahisi zaidi kwa asiye fundi.

*Paneli za kwenye jipsamu.* Ubora wake ni kwamba draiva ni kiboksi cha pembeni, kinauzwa peke yake. Paneli ikizima, mara nyingi ni kiboksi hicho. Soma kilichoandikwa juu yake, volti na miliampia, ununue kinacholingana. Ukitupa paneli nzima umetupa sehemu iliyo hai.

*Balbu ya chaji.* Kwa nyumba zenye umeme wa kukatika ni msaada mkubwa, na nazipenda. Lakini usiilinganishe kwa saa za LED, kwa sababu kinachokufa ni betri. Betri ya lithiamu ya namna hii huanza kuchoka baada ya kuchajiwa na kuisha mara 300 hadi 500, na joto la balbu lililoizunguka linaharakisha. Umeme ukikatika kila jioni, usitegemee ikae na chaji kama mpya baada ya mwaka mmoja na nusu. Baada ya hapo inabaki balbu ya kawaida. Nunua yenye betri ya kutoa na kubadilisha. Weka moja koridoni na moja sebuleni, usijaze nyumba nzima, wala usiifunge kwenye globu.

*Enaji seva.* Kama bado unazo, zitumie hadi zife, lakini usinunue mpya. Zina zebaki ndani. Mwezi Machi 2022, kwenye mkutano wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliofanyika Bali, nchi zilikubaliana kusitisha utengenezaji na biashara ya nje ya enaji seva za kawaida hadi wati 30 ifikapo mwisho wa 2025, na msukumo mkubwa wa jambo hilo ulitoka Afrika. Sioni fahari ndogo hapo. Ikivunjika ndani, fungua madirisha, watoe watoto, okota vipande kwa kadibodi badala ya kufagia. Kwa kudumu pia imeshindwa: kuwashwa na kuzimwa mara kwa mara kunaipunguzia maisha, wakati LED haiathiriki sana na hilo.

Balbu ya waya ya wati 60 siihesabu tena. Kwa saa 5 kwa siku inakula yuniti 109 na nusu kwa mwaka. LED ya wati 9 inakula 16 na kidogo. Hata LED mbovu iliyokufa mwaka wa kwanza ilikuwa imeshajilipa.

Je, ya kudumu inawezekana?

Wengi wanasema viwanda vinafanya makusudi zife. Historia haiwapingi: mwaka 1924 kampuni kubwa za balbu zilikutana Geneva, zikaunda umoja ulioitwa Phoebus, na kati ya waliyokubaliana ni balbu ya waya isizidi saa 1,000, aliyezidisha alitozwa faini. Lakini kwa LED ya leo sihitaji njama ili nielewe. Chipu chache zilizoshindiliwa mkondo mwingi ni rahisi kutengeneza kuliko chipu nyingi zilizopewa mkondo kidogo, na mnunuzi anaangalia bei.

Kwamba inawezekana kumeshathibitishwa. Mwaka 2011 Philips ilishinda tuzo ya Wizara ya Nishati ya Marekani kwa balbu ya wati 10 iliyochukua nafasi ya ile ya wati 60. Wizara iliziacha balbu hizo zikiwaka kwenye joto la nyuzi 45, na baada ya zaidi ya saa 25,000 mwanga wake ulikuwa haujapungua kwa maana yoyote. Ilipoingia madukani mwaka 2012 bei yake ilikuwa karibu dola 50. Kisha mwaka 2016 kampuni hiyohiyo na Manispaa ya Dubai walileta Dubai Lamp, balbu za nyuzi za LED za wati 1 hadi 3 zinazotoa lumeni 200 kwa kila wati. Siri yake ni hiyohiyo: chipu nyingi, kila moja inafanya kazi kwa ulaini, joto kidogo. Teknolojia ya namna hiyo sasa inauzwa Ulaya, balbu ya wati 4 yenye lumeni 840 ikiandikwa saa 50,000. Mwenye ndugu anayerudi likizo kutoka huko anaweza kumwagiza, mradi aulize holda ni ya skrubu au ya pini kabla hajalipa.

Mafundi wa mtaani nao wana njia yao. Wanafungua balbu iliyozima, wanatafuta LED yenye kidoti, wanaijampa kwa risasi ya kuchomea, yaani wanaurukisha umeme juu yake, na balbu inawaka. Inasaidia kwa muda, lakini kwenye zile za bei ya chini volti iliyokuwa ya LED ile sasa inabebwa na aisii, ambayo inapata moto zaidi, na mara nyingi nyingine inafuata ndani ya wiki chache. Usijaribu mwenyewe huku balbu iko kwenye holda. Sahani ile yote ina umeme wa ukutani.

Nikinunua kwa nyumba ya kawaida

Getini na kwenye ukuta wa nje naweka ya kampuni yenye dhamana, wati 5 hadi 9, 85–265V ikipatikana, kwenye holda mpya iliyoelekezwa chini, ikiwa ndani ya kikinga mvua kilicho wazi. Barazani na jikoni, taa ndefu. Sebuleni, mbili za wati 7 za kampuni, na mwanga wa njano wa kelvini 3,000 kama familia inakaa hapo kupumzika. Ule mweupe wa 6,500 ubaki jikoni na mezani kwa kusomea. Chumbani, ya nyuzi za LED au ya kampuni ya wati 5. Choo na stoo, ya bei ya chini, bila kujuta. Koridoni, ya chaji.

Kabla ya kuifunga, iandike tarehe ya kununua kwenye shingo kwa kalamu ya maka, na risiti uiweke kwenye boksi lake. Iwashe nusu saa, izime, kisha gusa shingo kwa tahadhari: kama huwezi kuishikilia, irudishe dukani siku hiyohiyo wakati muuzaji bado anakukumbuka.